Nyota Mbili Zionekanazo Kuwa Moja

Wasomaji wetu wakaao kando ya ziwa Tanganika wamezoea kuona usiku taa za wavuvi wa ndakala. Mitumbwi miwili ikiwa mbali sana, taa zake huonekana kuwa moja. Ikikaribia pwani, twatambua kwamba ni mbili. Mbinguni pia kuna taa za namna hiyo, ila hizo hazitatukaribia. Yatupasa kutafuta njia ya kuzitenganisha tukiwa hapa hapa.

Tutazame nyota ya chini ya Msalaba wa Kusini. Mwaka 1685 Mapadre Wajesuiti waliokuwa safarini kwenda Siam walitua kwenye Rasi ya Tumaini Jema, wakaielekezea darubini, wakaona nyota mbili. Kati yake mna nafasi ya sekunde 4 hivi za pembe. Wanafunzi wajua kwamba duara lina digrii 360, digrii ina dakika 60, na dakika sekunde 60. Sekunde moja ni kama upana wa sarafu ya sentimita 2 ukiitazama toka kilomita 4!

Lakini ziko jozi zilizobanana kuliko hiyo. Mtu atasema: basi, tukuze zaidi. Kukuza peke yake hakufai kitu. Nuru huenda kwa mawimbi, nayo mawimbi yakipita mlangoni hutawanyika. Kwa hiyo nyota ndani ya darubini si nukta, bali ni kiduara. Viduara viwili vikipandana, ukivikuza utapata doa moja kubwa tu. Kinachovipunguza ni upana wa lenzi au wa kioo. Mwingereza William Dawes alitoa kanuni nyepesi: gawanya 116 kwa upana wa darubini katika milimita, utapata sekunde. Darubini ya milimita 100 hufika kwenye sekunde moja na kidogo.

Kumbe hata kioo kikubwa kina adui, ndiyo hewa. Juu ya mlima Wilson, Marekani, kilikuwapo kioo cha upana wa mita 2 na nusu, lakini hewa hutikisika kama ile iliyo juu ya mabati wakati wa adhuhuri, na nyota huwa doa lenye kuchezacheza. Hapo John Anderson, akifuata fikira za Albert Michelson, alifanya jambo la ajabu: alizuia karibu nuru yote! Aliweka bamba lenye matundu mawili tu. Nuru ya matundu hayo ikikutana huchora mistari ya mwanga na giza. Nyota zikiwa mbili, kila moja huchora mistari yake. Bamba likigeuzwa, mwanga wa moja huangukia giza la mwenzake, na mistari hufifia. Kwa umbali wa matundu na upande lilikoelekea bamba, Anderson alipima mwaka 1919 na 1920 nafasi kati ya nyota mbili za Capella: karibu sehemu ya 20 ya sekunde. Tangu 1899 ilijulikana, kwa kuchungua rangi za nuru yake, kwamba ni mbili. Kuipima nafasi hiyo ndiko kulikoshindikana.

Faida yake nini? Nyota haitiwi katika mizani, lakini mbili zizungukanazo zajipima zenyewe. Ukijua umbali wake toka kwetu, nafasi iliyo kati yake na muda wa mzunguko, utahesabu uzito. Zile za Capella huzungukana kwa siku 104, na kila moja ina uzito wa Jua letu mara 2 na nusu hivi.

Mwaka 1970 Mfaransa Antoine Labeyrie alionyesha njia nyingine: kupiga picha nyingi, kila moja kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, hata hewa ikawa kana kwamba imesimama, kisha kuziunganisha kwa hesabu. Siku hizi hata watu wenye darubini ndogo nyumbani hufanya hivyo kwa kamera na kompyuta. Asiye na kompyuta aitoe darubini nje mapema, ipoe sawa na hewa ya usiku, na asitazame juu ya paa lililochomwa na jua mchana kutwa.