Malori na hatari ya mkia wa foleni katika matengenezo ya barabara

Usiku wa kuamkia tarehe 7 Juni mwaka 2014, magari yalikuwa yakijivuta katika barabara kuu ya New Jersey, nchini Marekani, kwa sababu baadhi ya njia zilikuwa zimefungwa kupisha matengenezo. Lori lenye tela lilitokea nyuma na kuligonga basi dogo alimokuwemo mchekeshaji mashuhuri Tracy Morgan. Mchekeshaji mwenzake, James McNair, alifariki dunia, na Morgan akajeruhiwa vibaya.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilitoa matokeo ya uchunguzi wake mwaka 2015. Mabango yalikuwa yamekwisha kutangaza matengenezo na kuagiza mwendo wa kilomita 72 kwa saa. Lori lilikuwa likienda takriban kilomita 105. Dereva alikuwa macho kwa saa 28 mfululizo. Lau angalipunguza mwendo kama mabango yalivyoagiza, wachunguzi walisema, angaliweza kusimama kabla ya kugonga.

Tukio hilo laeleza jambo ambalo wasafiri wengi hawalifikirii. Mtu akiona koni na mitambo huhofia shimo au katapila, kumbe hatari kubwa iko nyuma yake, pale foleni inapoishia. Magari yaliyosimama hukutana na magari ambayo bado yanakwenda kasi, na mkia wa foleni hauna bango: husogea nyuma kadiri magari yanavyoongezeka, na huenda ukalipita hata bango la kwanza la tahadhari.

Kati ya mwaka 2020 na 2023, zaidi ya watu 800 walifariki kila mwaka katika maeneo ya ujenzi wa barabara nchini Marekani. Malori makubwa huhusika katika takriban ajali tatu kati ya kila kumi zinazosababisha vifo katika maeneo hayo.

Sababu kubwa ni umbali wa kusimama. Katika mwendo wa kilomita 105 kwa saa, gari dogo lahitaji kiasi cha mita 96. Lori lililosheheni lahitaji mita 160, zaidi ya urefu wa uwanja wa kandanda. Kabla mguu haujafika kwenye breki, dereva aliye makini amekwisha kupita mita 40 hivi. Kisha breki za upepo nazo huchelewa kidogo, kwa kuwa upepo lazima usafiri katika mabomba hadi magurudumu ya tela. Nguvu ya mgongano pia haipandi sawa na kasi: lori la kilomita 105 hubeba nguvu zaidi ya maradufu ya lori hilohilo likienda kilomita 72.

Hesabu ya Marekani ni ya lori la tani 36 hivi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu lori na mzigo wake kufikia tani 56, na mengi hupita katika barabara zenye njia moja tu kila upande. Fundi anapofunga upande mmoja, magari hupokezana njia iliyobaki, na foleni huota hata mlimani au nyuma ya kona. Mara nyingine tahadhari pekee ni kijana mwenye bendera nyekundu, au matawi ya miti yaliyolazwa barabarani. Matawi hayo si ya kudharauliwa mchana, ila usiku hayaakisi taa.

Kwa dereva wa lori, kazi huanza kwenye ishara ya kwanza: kuondoa mguu kwenye mafuta, na kwenye mteremko kuingia gia ndogo mapema ili injini isaidie kuzuia gari. Breki zinazokanyagwa mfululizo mteremkoni hupata moto na kupoteza nguvu.

Wenye magari madogo nao wana sehemu yao. Nafasi iliyo mbele ya lori njia zinapobanana si zawadi. Ndiyo akiba ya dereva ya kusimamia, na anayejipenyeza humo humnyang'anya akiba hiyo. Ubavuni mwa lori, hasa upande usio wa dereva, kuna eneo ambalo vioo havilioni. Mwendesha bodaboda anayepenya hapo kati ya tela na koni hana pa kukimbilia.

Aliye wa mwisho katika foleni awashe taa za tahadhari, aache nafasi mbele yake ya kuchepukia, na asiondoe macho kwenye kioo mpaka gari linalofuata nyuma yake lisimame.