Panya, Jeni na Homa ya Bonde la Ufa

Watu huuliza: mafuriko ya El Nino ya 1997 yalipotuletea homa ya Bonde la Ufa hapa Garissa, mbona mmoja aliugua siku chache akapona, na jirani akatapika damu akafa? Mwaka 1982 watafiti Marekani walitangaza waliyoona kwa panya waliodungwa virusi hivyo. Panya wa ukoo wa Wistar-Furth walikufa, ini limeharibika. Wa ukoo wa Lewis wakapona. Walipozalishwa pamoja watoto walirithi kinga, maana jeni moja ya mzazi mmoja yatosha. Hiyo ni kinga ya kuzaliwa nayo, si ya chanjo. Yako huijui, kwa hivyo mbuzi wakianza kutupa mimba msichinje, na maziwa chemsheni.