Version longue ya filme: inatoka wapi, na tutaitambuaje?

Ndugu zangu, hapa Kamina kila mara mtu akileta flashi yenye filme za fantastiki, swali la kwanza ni lile lile: "Iko version longue?" Nimeona nieleze kidogo, juu wengi tunaitumainia bila kujua namna inavyozaliwa.

Mfano mkubwa ni Le Seigneur des anneaux ya Peter Jackson. Filme ya kwanza iliingia sinema mwezi wa 12 mwaka 2001, dakika 178. Mwezi wa 11 mwaka 2002 wakatoa diski za toleo refu: dakika 208. Ile ya tatu, Le Retour du roi, ilipanda kutoka 201 mpaka 251. Dakika 50 nzima! Humo ndimo unaona mwisho wa Saruman, ambao kwenye sinema ulikatwa wote. Mzee Christopher Lee, aliyeigiza Saruman, alichukia sana.

Watu wanafikiri ni vipande vilivyobaki vikabandikwa tu. Hapana. Kipande kilichokatwa mara nyingi bado ni kibichi: hakina muziki, na zimwi lenyewe halijamaliziwa kwenye ordinatere. Jackson na wenzake walilipa mafundi wamalize picha, na Howard Shore akaandika muziki wa kuongezea. Hizo ni franga nyingi, na zinarudi tu kama watu wananunua diski. Wakati ule walinunua kweli. Leo wengi wanatazama kwa intaneti, basi nani atalipa? Njo maana mimi matumaini yangu ni madogo. Angalia Harry Potter: filme mbili za kwanza zilipata toleo refu kwenye diski mwaka 2009, zile sita zingine wapenzi wakabaki kungoja.

Kwetu kuna shida nyingine: kopi. Karatasi ya juu inaandikwa "version longue", ndani iko kitu chochote. Tazama dakika. Lakini angalieni jambo moja: DVD za Ulaya, ambazo ndizo zinatufikia na Kifaransa ndani, zinapitisha picha 25 kwa sekunde badala ya 24. Kwa hiyo dakika 208 zinakuwa kama 200 bila kukatwa kitu. Ukiona 200, usigombane na muuzaji. Ukiona 171, ni ile ya sinema. Na ukiona mia na kidogo, ujue amekopi diski ya kwanza tu, maana kwenye DVD toleo refu lilikatwa kati, likawekwa kwenye diski mbili.

Wasiwasi wangu mkubwa ni kufuta. Kule Wakaliga, Kampala, Nabwana I.G.G. alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010. Si fantastiki, ni ya mapigano, lakini ni ya jirani zetu. Ordinatere ilijaa, akafuta ili apate nafasi ya kazi nyingine. Imebaki kopi yenye sauti ya VJ Emmie juu yake, na ile ya asili haipo tena. Sisi na karte memwari zetu za giga 8 tunafanya vile vile kila wiki.

Mwenye diski zote mbili za Le Retour du roi, hata kama zimekwaruzika, aniandikie hapa chini. Nafasi ninayo, kilichobaki ni kurenti.