Je, Wajua? Jumla Isiyolalamika

Kwenye duka la nafaka pale Ngokolo, mjini Shinyanga, jioni watu hawaulizani tu wameuza kiasi gani. Wanaulizana dengu peke yake imeingiza ngapi.

Je, wajua kwamba swali hilo lina fomula yake kwenye lahajedwali? Ni =SUMIF(B2:B200,"Dengu",C2:C200). Kompyuta inashuka safu B yenye majina ya bidhaa. Kila ikikuta Dengu inachukua pesa iliyo mstari huohuo safu C na kuijumlisha. Choroko na mchele inavipita.

Je, wajua kwamba lahajedwali la kwanza la kompyuta ndogo, VisiCalc, liliingia sokoni mwaka 1979? Ni kazi ya Dan Bricklin na Bob Frankston. Siku hizi lahajedwali lolote tunaliita Excel, hata lisipokuwa Excel.

Je, wajua kwamba DENGU, dengu na Dengu kwa SUMIF ni mamoja, lakini "Dengu" yenye nafasi mkiani ni kitu kingine? Nimewahi kukesha nikitafuta 45,000 ya kikoba chetu, kumbe neno Hisa kwenye mstari mmoja lilikuwa na nafasi nyuma yake. Kwa macho huioni. Bofya mara mbili kwenye kisanduku uangalie kishale: kikisimama mbali kidogo na herufi ya mwisho, umemkamata mwizi.

Je, wajua kwamba ukiandika 45,000/= kama tulivyozoea kwenye risiti, kompyuta inaona maneno, si pesa? Haikuonyi. Inaruka mstari huo na kukuletea jumla pungufu iliyonyooka vizuri tu. Dalili iko kwenye mkao: usipogusa mpangilio, tarakimu hulala kulia mwa kisanduku na maneno kushoto. Pesa iliyolala kushoto haijahesabiwa.

Je, wajua kwamba ndugu yake, SUMIFS, alikuja na Excel ya 2007 na anakubali hadi jozi 127 za masharti? Huyu ndiye wa kwenda naye machimboni Geita, ambako shimo huitwa duara. Mwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, anataka viroba vya Duara la 3, vya wiki hii tu, vilivyokwisha kusagwa: masharti matatu, jibu moja. Ila mpangilio umegeuzwa. Kwenye SUMIF safu ya kujumlishwa inakaa mwisho, kwenye SUMIFS inakaa mwanzo. Kwa nini waligeuza, mimi sijaona faida yake.

Je, wajua kwamba nyota ni jina la ukoo? "Mchele*" inakusanya mchele wa Kahama na mchele wa Magugu pamoja. Lakini "Duara la 1*" itakuletea pia Duara la 10, la 11 na la 12, na siku ya mgao hapo patakuwa na maneno.

Je, wajua kwamba alama ya kuzidi huandikwa ndani ya alama za nukuu, ">50"? Jiwe la almasi la rangi ya waridi lililopatikana Mwadui mwaka 1947, alilopewa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, lilikuwa na karati 54.5. Lingepita sharti hilo. Lilipokatwa likabaki na karati 23.6, na sasa lingeachwa nje. Jiwe ni lilelile.

Je, wajua kwamba ukikosea urefu wa safu, tuseme B2:B200 kwa C2:C150, SUMIFS inagoma na kuandika #VALUE!, lakini SUMIF inajirefushia safu yenyewe na kuendelea? Bora yule anayegoma.

Je, wajua kwamba mwaka 2020 Uingereza ilikosa kutangaza kwa wakati wagonjwa 15,841 wa UVIKO-19, kwa sababu faili la muundo wa zamani wa Excel halibebi zaidi ya mistari 65,536? Waliozidi hapo waliachwa nje.

Na namba ya NIDA je? Ina tarakimu 20, Excel inatunza 15 tu. Iandike mfululizo, tano za mwisho zinageuka sifuri. Ukikibadilisha kisanduku kiwe cha maneno kabla ya kuandika, zote 20 zinabaki kwenye kioo, lakini SUMIF bado inazisoma kama namba na kulinganisha 15 za kwanza. Nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo watu wawili wa siku moja na eneo moja wanaweza kujumlishiwa malipo kama mtu mmoja. Iandike na vile vistari vilivyo kwenye kitambulisho. Vikiwepo, Excel haiwezi kuigeuza kuwa namba.