Kinshasa hadi Kisangani: safari ya ndege huchukua saa ngapi?

Mara nyingi wajumbe wanaoalikwa kwenye mikutano ya amani hutuuliza: kutoka Kisangani mpaka Kinshasa ni mbali namna gani? Swali ni dogo, lakini jibu baya limekwisha kutuletea matatizo.

Kwa mstari ulionyooka, kutoka kiwanja cha ndege cha N'djili (Kinshasa) mpaka Bangoka (Kisangani) ni kama kilomita 1,225. Kwa mto Kongo, unaopinda kuelekea kaskazini, safari inapita kilomita 1,700, na mashua huweza kuchukua wiki kadhaa.

Ndege kubwa ya jeti huenda kama kilomita 800 kwa saa. Ukigawa 1,225 kwa 800 unapata kama saa moja na nusu. Ongeza muda wa kupaa na kushuka, inakuwa karibu saa mbili. Ndege ya mapanga, inayoenda kama kilomita 500 kwa saa, itahitaji karibu saa tatu.

Tena, nchi yetu ina saa mbili tofauti. Kisangani iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Ukitoka Kinshasa saa tatu asubuhi na kusafiri saa mbili, utafika Kisangani saa sita mchana kwa saa za huko. Ukitoka Kisangani saa nane mchana, utafika Kinshasa saa tisa. Kwenye tiketi, kwenda kunaonekana kuchukua saa tatu na kurudi saa moja, lakini ndege imekaa angani muda ule ule. Tiketi huandika saa za mahali ndege inapotoka na za mahali inapofika.

Sisi wenyewe tuliwahi kukosea. Mwaliko kwa Kifaransa ulisema mkutano utaanza saa 9. Aliyetafsiri akaandika «saa tisa». Kwa Kiswahili cha wajumbe wetu, saa tisa ni alasiri. Wakapanda ndege ya asubuhi ile ile, wakafika tamko limekwisha kusomwa. Waliporudi nyumbani, watu wao waliamini kwamba wamefichwa makusudi. Ilitubidi kurudi kwao mara nyingi ili waketi tena na wenzao.

Katika nchi iliyogawanyika wakati wa vita ya 1998 hadi 2003, Kinshasa upande huu na Kisangani upande ule, kuchelewa si jambo dogo. Kiti kitupu husomwa kama dharau.

Kwa hiyo tunawaomba wote wanaotayarisha mikutano:

- Andikeni saa kwa tarakimu na maneno: 9.00, yaani saa tatu asubuhi, saa za Kinshasa.
- Waleteni wajumbe siku moja kabla. Safari ya kwenda kiwanjani, ukaguzi na kungojea mizigo huweza kupita muda wa ndege yenyewe.
- Muwe na njia ya pili. Januari 2025, vita ilipofika Goma, kiwanja cha ndege cha huko kilifungwa, na umbali wa ramani haukusaidia tena kitu.

Anayealikwa kuzungumza amani apate kwanza nafasi ya kufika kwa wakati.