Fahamu: Mpango wa kunusuru ni nini?

Ni njia ya kutokea inayoandaliwa kabla mambo hayajaharibika: fedha, mbinu au hewa ya akiba, pamoja na kigezo cha wakati wa kuitumia.

Fedha: KMC, Athi River

Mfano wa karibu uko Kaunti ya Machakos. Tume ya Nyama ya Kenya (KMC), iliyoundwa mwaka 1950, ilielemewa na madeni, kiwanda kikafungwa, kisha serikali ikakifungua tena 2006. Mwaka 2020 KMC ikahamishiwa Wizara ya Ulinzi. Mfugaji aliyefikisha ng'ombe langoni anataka alipwe kwa wakati. Mpango wowote wa kunusuru upimwe hapo kwanza. Udhaifu wa uokozi kwa fedha za umma ni huu: mara nyingi pesa hutolewa bila kusema mapema ni lini zitakoma.

Upasuaji

Kifuko cha nyongo kikivimba na kushikamana hadi daktari asiione mirija vizuri, anaweza kukata sehemu tu ya kifuko, au kuacha upasuaji wa kupitia matundu madogo na kufungua tumbo. Lengo ni kuepuka kujeruhi mrija mkuu wa nyongo. Miongozo ya Tokyo ya 2018 kuhusu uvimbe wa kifuko cha nyongo inapendekeza hatua hizo.

Kuzamia

Mzamiaji anayetumia mtambo wa kusafisha na kurejesha hewa aliyopumua hubeba mtungi wa akiba. Mtambo ukileta shida, anahamia mtungi huo na kuanza kupanda. Hewa ya mtungi huo hukokotolewa kabla ya kuzama, ikiwemo ya kusubiri kwenye vituo vya kusimama wakati wa kupanda.