Biskuti za chai: Geuza pakiti kabla hujatoa jero yako

Kwenye maduka ya Ivuna, wilayani Momba, biskuti za chai zinafanana kweli: pakiti ndogo, rangi za kuvutia, na neno "Glucose" au "Marie" kwa herufi kubwa. Wengi tunachagua kwa bei au kwa chapa tuliyoizoea. Lakini majibu ya ipi bora yapo nyuma ya pakiti, kwenye maandishi madogo.

Haya hapa mambo manne ya kuangalia.

1. Gramu, siyo ukubwa wa pakiti

Tuseme pakiti moja ni shilingi 500 na ina gramu 50. Nyingine ni shilingi 700 na ina gramu 80. Ya kwanza unalipa shilingi 10 kwa kila gramu, ya pili shilingi 8.75. Ile uliyoiona ghali ndiyo nafuu!

Chukua simu, gawa bei kwa gramu, basi. Rudia hesabu hiyo mara kwa mara, maana kuna watengenezaji wanaopunguza gramu huku bei ikibaki ileile.

2. Marie na Glucose siyo chapa, ni aina

Marie ilitengenezwa na kampuni ya Peek Freans ya London mwaka 1874, kwa heshima ya ndoa ya binti wa mfalme wa Urusi. Leo kampuni nyingi duniani zinaitengeneza. Unga wake hukandwa hadi ukaze, mafuta yakiwa kidogo. Ndiyo maana inavumilia kuchovywa kwenye chai ya moto.

Glucose ina sukari na mafuta zaidi kidogo, ni laini, na inalainika haraka. Maarufu zaidi ni Parle-G ya India, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa jina la Parle Gluco. Waigaji walipozidi, kampuni ikabadili jina miaka ya 1980.

Kuna pia Nice, yenye nazi na chembe za sukari juu. Na ukivuka Tunduma kwenda Zambia, unaweza kukutana na Tennis ya kampuni ya Bakers ya Afrika Kusini, nayo ina nazi.

Kwa hiyo ukitaka kulinganisha chapa, linganisha Marie kwa Marie na Glucose kwa Glucose. Vinginevyo unalinganisha embe na chungwa.

3. "Glucose" siyo dawa ya nguvu

Hapa ndipo wazazi wengi wanapopotea. Mtoto akidhoofika, anapewa Glucose iliyolowekwa kwenye chai kwa sababu "ina nguvu". Ukweli ni kwamba kilichomo ni unga wa ngano, sukari na mafuta. Nguvu ipo, ila ya kumjengea mwili ni kidogo.

Biskuti nyingi za aina hii zina sukari karibu robo ya uzito wake. Yaani pakiti ya gramu 100 ni kama vijiko 6 vya chai vya sukari, kabla hujaweka sukari kwenye chai yenyewe. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema mtu mzima akibaki chini ya gramu 25 kwa siku ndiyo vizuri zaidi, na linashauri watoto wa miezi 6 hadi 23 wasipewe vyakula vyenye sukari nyingi.

Chai nayo hupunguza madini ya chuma ambayo mwili unayapata kwenye chakula. Kwa mtoto mdogo, jero hiyo ikienda kwenye karanga, maharage, yai au samaki wa Rukwa, inamsaidia zaidi.

4. Alama ya TBS na tarehe

Tangu 2019, usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Tafuta alama yake, jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho wa matumizi. Tunduma ni mpakani na bidhaa ni nyingi. Pakiti isiyo na maelezo hayo iache hata kama ni bei chee.

Kumbuka pia mzigo ukitoka Dar es Salaam unasafiri zaidi ya kilomita 900 mpaka Tunduma, halafu ndiyo uje Ivuna. Bonyeza pakiti: ikiwa na tundu, biskuti zimeshanyonya unyevu. Ukifungua ikanuka mafuta ya zamani, usile. Zilizobaki weka kwenye kopo lenye mfuniko.

Sasa ipi ni ipi?

Unapenda kuchovya? Marie. Unataka iyeyuke mdomoni? Glucose. Unapenda nazi? Nice. Ukishachagua aina, chapa bora ni ile yenye alama ya TBS, tarehe nzuri, sukari kidogo kwenye lebo na bei ndogo kwa gramu. Jina kubwa mbele ya pakiti liangalie mwisho.